Nusu Hatua Juu

Jumatatu, 22 Julai
Nimechoka. Upepo wa kusini umeingia, watoto wa kwaya wanakohoa kama mbuzi, na Alhamisi ni sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, somo wa mji wetu. Baada ya misa wazee wa kanisa watatoa fimbo ya ukuu wa kwaya. Miaka yote hii mimi ni mwalimu msaidizi. Na nani ataongoza kwaya siku hiyo? Doña Nemesia Chuvirú! Bibi huyo anasema eti yeye anafundisha muziki, mimi nafundisha kupumua.

Basi nikafundisha kupumua. Watoto chali sakafuni, kila mmoja na kiatu juu ya tumbo. Kiatu kipande, kiatu kishuke, mabega yatulie. Ignacia, mdogo kuliko wote, akauliza kama kiatu ni cha kaka yake na kinanuka, apumulie wapi. Nikamwambia apumulie hukohuko.

Jumanne, 23 Julai
Nimepata njia!

Nyimbo zetu ni za enzi za mapadre wa kwanza, na tunaziimba kama wao: noti yetu ya la iko nusu hatua chini ya la ya watu wengine. Kinanda kimeliwa na mchwa. Kwa hiyo wote tunafuata uma wa sauti wa Doña Nemesia, kile chuma cha meno mawili. Anaugonga gotini, chuma kinalia, watoto wanachukua noti, fidla zinakazwa kuifuata. Sasa, mimi ninao uma wa wapiga gitaa, nilionunua Santa Cruz. Unafanana na wake kama pacha, ila noti yake ya la ni ya juu. Nusu hatua tu! Ile noti ya juu kabisa ya Gloria huwatoa watoto jasho hata siku za kawaida. Ikipanda zaidi, watakwaruza kama jogoo mchanga. Na aibu humwangukia aliyesimama mbele.

Watoto nitawafariji kwa mikate ya jibini.

Jumatano, 24 Julai
Mazoezi ya mwisho. Sauti ya kwanza walikuwa wanaikimbilia ile noti kwa kidevu. Siwezi kuvumilia kidevu. Nikawaambia walegeze taya, wafungue koo kama wanaopiga miayo. Wakaifikia bila shida. Mazoea ni ugonjwa.

Telesforo wa fidla akanipigia kelele mbele ya wote: we msaidizi, utazeeka msaidizi, na siku ukifa tutakuzika msaidizi! Wakacheka. Doña Nemesia akaenda kumkaripia, akaacha mkoba wake kwenye benchi. Nikabadilisha uma. Wake nikautia mfukoni.

Alhamisi, 25 Julai
Sitaki kuandika. Naandika.

Akagonga uma. Telesforo akakunja uso, akalaumu baridi kwa kulegeza nyuzi, akakaza. Gloria ikaanza. Ikafika ile noti. Mabega yametulia, matumbo yamejaa, taya zimelegea. Wakaichukua kama mtu anayechukua kikombe rafuni! Wazee walifuta macho.

Halafu ikaja sehemu ya teno peke yake. Teno ni mimi. Katika hesabu zangu zote nilijisahau mimi mwenyewe. Nikapanda kwa kidevu. Sauti ikakatika katikati ya Amina, mbele ya mji mzima. Ignacia akageuka, akaninong'oneza hadi uwanjani wakasikia: Mwalimu, kiatu!

Ijumaa, 26 Julai
Jana fimbo alipewa Doña Nemesia. Akawaambia wazee kwamba sifa ya pumzi za watoto ni yangu. Maneno mazuri. Hayaning'oi kwenye usaidizi. Anasema jana muziki uling'aa, hajui kwa nini, na hatabadilisha kitu. Uma wangu siwezi kuudai. Wake ninao mimi.

Jioni akanitumia asali ya kifua, na sega lake la nta.

Nimeliangalia sana lile sega. Kosa langu lilikuwa kupandisha. Nta ikibandikwa kwenye meno ya uma, sauti hushuka. Krismasi nitaurudisha uma wake mkobani ukiwa na nta, na besi, wale wanaume wa sauti nzito, watazama kama mawe mtoni. Pumzi zao ni mbovu mno.

Inanikera, kwa kweli. Kuanzia Jumatatu besi nao watalala chali, kila mtu na kiatu chake.