Picha ya Mtu wa Maji Inayonadiwa Nyamisati

Ruaruke, mwezi wa Shaabani

Kwa Bwana Bachubhai, dalali wa mnada, Nyamisati.

Salamu zikufikie hapo dukani, wewe na wote wa nyumbani. Ama baada ya salamu, hatujuani kwa sura, kwani wewe umehamia hapo majuzi tu kutoka Chole, nami nilikuwa nimekwisha kukimbilia huku kwa mama mkwe wangu, kwa sababu ambayo ndiyo barua yenyewe.

Nasikia Ijumaa hii, kwa amri ya boma, utanadi vitu alivyoviacha yule Mdachi mchora picha alipokimbia vita: kitanda, mwavuli, birika, na picha kubwa ya mtu iliyoandikwa chini “Mtu wa Maji”. Mtu huyo ni mimi. Mnadani watakuja askari, na askari wa siku hizi wakisikia neno maji hawaulizi kama ni ya kunywa au ya kuogea. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa heshima zote.

La kwanza. Mimi ni mchota maji. Mdachi alikuwa akinituma kisimani kila asubuhi, maana rangi zake zote ni za kukorogwa kwa maji. Siku aliyonisimamisha anichore aliniuliza mimi ni nani, nikamjibu kwa adabu kuwa ni mtu wa maji. Wakati ule vita vilikuwa havijaanza, na neno hilo halikuwa na kosa. Ukilitamka, watu wanakuletea ndoo. Haukupita muda wenzetu wa Matumbi wakaanza kunywa dawa ya maji ili risasi zisiwapate, nami nikageuka mganga hali sijui hata mzizi mmoja. Kweli mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo.

La pili, picha yenyewe haifanani nami hata chembe. Uso ni wa kijani. Pua imeanzia kwenye nyusi ikaishia shavuni, jicho moja liko mahali pake na la pili limekwenda kutembea, na masikio hakuna. Mdachi alisema ndivyo vijana wa kwao wanavyochora sasa, nikawaombea dua. Mimi, Bwana Bachubhai, nina uso wa kawaida, na pua yangu imetulia.

La tatu ndilo baya zaidi. Mzegazega wangu, ule mti wa begani wenye debe huku na debe huku, ameuchora bila madebe. Sasa mtu yule amebeba nini begani? Kila mwenye macho atasema bunduki. Nilimsihi anirudishie madebe yangu, akasema yanaharibu picha.

Basi nakuomba ufute yale maneno. Ukiona hayafutiki, ikabidhi picha kwa askari. Akamatwe yeye mwenye uso wa kijani, atiwe minyororo, ahukumiwe, nami nitakuja kutoa ushahidi dhidi yake kwa moyo mkunjufu. Hata wakimtundika haitamdhuru, picha imezoea kutundikwa. Mimi sijazoea, na kusema kweli naogopa sana. Nataka kurudi kwangu, nilale na mke wangu, nichote maji kama zamani. Mama mkwe naye amenichoka, ameanza kunisifia uzuri wa Nyamisati.

Nisalimie watu wote, wa bandarini na wa msikitini. Askari pia wasalimie, ila usiwatajie jina langu.

Ni mimi nikutakiaye kheri,
Huseni bin Sadallah, mchota maji wa kisimani.

Nyongeza: Nilikuwa naifunga barua hii mke wangu Mwanabaraka akaingia kutoka Nyamisati. Kumbe amepita dukani kwako, akaiona picha imeegemezwa mlangoni, akakaa chini akalia. Anasema ndiye Huseni wake mtupu, vile anavyorudi kisimani jua kali, amechoka na hataki kusema. Tangu aingie hana neno jingine, anaitaka iwe ukutani kwetu. Tafadhali usiinadi, niwekee. Ijumaa nitaifuata mwenyewe, hapo hapo mnadani, na usihofu kumpa mtu siye: itazame vizuri, kisha utazame watu, utanijua mara moja.