Ombi la Kuhamisha Watu ili Fremu Ikauke

Kwa Shangazi,
Mwenyekiti wa vikao vyote vya ukoo, hata vile ambavyo hakuna aliyeviitisha.

Shangazi mpendwa, shikamoo.

YAH: KUPINGA UAMUZI WA KUTOA KABONI NYUMBANI, NA KUOMBA WATU NDIO WATOLEWE

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sikupata nafasi. Baba alikuweka kwenye spika katikati ya meza, ukatoa hukumu wakati mimi nimevaa barakoa ya vumbi, na mtu aliyevaa barakoa hajibu haraka. Ulisema, "Hayo makaboni yatoke humo ndani kabla mwezi haujaisha. Nyumba ya kaka yangu si karakana." Mama akaitikia, "Sawa kabisa, wifi," kwa sauti tamu ambayo sijawahi kuisikia akikuitikia kwa jambo lingine lolote.

Kwa kuwa umesikiliza upande mmoja, niruhusu nieleze hayo makaboni ni kitu gani. Ni fremu ya baiskeli ya milimani. Ninaitengeneza mwenyewe stoo, tangu ile ya zamani ilipopasuka nikiwa juu yake, mteremkoni, na sote wawili tukaendelea kushuka kila mtu kivyake. Kaboni huja kama kitambaa cheusi kinachong'aa. Unakikata, unakilowesha gundi, unakizungusha tabaka juu ya tabaka, unakipa joto, kinakuwa kigumu ajabu na chepesi kiasi kwamba Mama alipoinyanyua fremu mara ya kwanza aliuliza kama nusu yake imeibiwa. Mwezi ujao kuna mbio za milimani na nimejiandikisha. Fremu ikitupwa nje sasa, kwenye upepo na mchanga, haitaisha, na mimi sitashiriki. Hilo ndilo jambo lenyewe. Yanayoichelewesha nayaorodhesha hapa chini, na utaona kwamba yote yana miguu miwili.

1. Dada. Gundi yangu huchanganywa na dawa ya kuigandisha, na ikishachanganywa haimsubiri mtu. Dada, kama unavyojua, ni muuguzi, na akitoka zamu huleta kigoda mlangoni mwa stoo, anavua viatu, anaanza: "Mdogo wangu, leo nimeona mambo." Siku niliyokuwa nafunga kiungo cha chini, pale pedeli zinapokaa, alinisimulia habari za mgonjwa aliyekataa katakata kuvua kofia kwa sababu ndimo alimohifadhi meno yake. Nilibaki na brashi hewani. Kikombe cha gundi kikapata joto, kikafuka moshi, kikaganda chote na brashi ya pili imesimama katikati kama mshumaa. Simulizi ilikuwa nzuri, hilo silikatai. Ingekuwa mbovu nisingeisikiliza, na gundi ingepona. Kosa kwa hiyo ni la ubora, na kosa la ubora halirekebishiki kwa maonyo.

2. Baba. Kaboni iliyofungwa inataka joto lisilokatika. Niliunda sanduku la mbao na vipande vya godoro bovu, nikaliweka ukumbini, nikatia balbu ndani na kipimajoto. Baba amestaafu ukarani, na kazi aliyojipa sasa ni kuzima taa. Alipita akasema, "Hii inamwakia nani?" akazima. Fremu ikapoa kabla ya wakati wake, ikawa inanata kama peremende iliyomwagiwa maji. Nikabandika tangazo: USIZIME. Baba anaheshimu maandishi, hakuzima tena. Ila katika kulisoma tangazo kwa karibu aligundua kwamba humo ndani kuna joto zuri, akaanza kukaushia soksi zake. Leo bomba la juu la fremu yangu lina manyoya ya buluu chini ya tabaka la mwisho, na hayatoki tena mpaka kiama. Nilipolalamika aliniambia, "Soksi ni nyuzi, kaboni ni nyuzi. Waache wafahamiane."

3. Shemeji. Yeye na Dada walikuja kukaa nasi wakati paa la nyumba yao likitengenezwa. Paa limeisha, wao bado. Ni fundi wa kufunga mapazia, na drili yake haikai mbali na mkono wake. Hata akinywa chai huwa iko kwenye paja. Siku moja nilirudi nikaikuta fremu inaning'inia kwenye msumari, imetulia, inapendeza, na karibu na pale usukani utakapokaa ina tundu. "Nimekusaidia, shem," akasema, "nimeweka katundu kadogo tu, ikauke kama koti." Shangazi, nilikaa sakafuni. Katundu kadogo kwenye kaboni ni nyuzi zilizokatwa, na nyuzi zilizokatwa huko mlimani ni mimi na meno yangu. Ilibidi nipige msasa kuzunguka tundu mpaka pakawa na kibonde kama kisahani, kisha nijaze kwa vipande vya duara, kidogo kwanza, kikubwa juu yake, kikubwa zaidi juu yake. Palipokauka nikagonga kwa sarafu huku nikisikiliza: mlio mkavu maana yake pameshika, mlio mzito maana yake ndani pana pengo. Pameshika. Lakini sikuweza kurudia kuhakikisha, maana Shemeji alisikia mdundo akaja kucheza.

4. Mama. Hapa naandika kwa uchungu, kwa sababu kosa lake alilifanya kwa upendo, na mtu huwezi kumkasirikia mtu wa namna hiyo ipasavyo. Usiku wa kuamkia siku ya kupaka rangi alipita stoo akaona fremu ina vumbi la msasa. Akachukua ile dawa ya kupuliza ya kung'arishia kabati la sebuleni, akaifuta fremu yote, hadi ndani ya kona. Asubuhi nikapuliza rangi. Rangi ikagusa, ikasita, ikajivuta pembeni, ikaacha vishimo vya mviringo kila mahali, kana kwamba fremu imepata tetekuwanga. Dawa ile ina mafuta ambayo rangi haiwezi kukaa nayo chumba kimoja. Nilipouliza nani amefanya hivi, Mama alitoka amejishika kiuno: "Mimi! Kitu chako kilikuwa kama kimefukuliwa kaburini. Nimekisafisha, na wewe unanuna?" Nilikwangua yote, nikaanza upya.

(Mama atakuambia kuhusu mkasi wake wa kushonea. Ni kweli niliutumia kukata kaboni na ni kweli sasa haukati hata uzi. Hilo ni suala dogo na halihusiani na barua hii. Vilevile suala la familia nzima kujikuna kwa sababu ya vumbi la kaboni kwenye mashuka. Nilishawaeleza wakunje mashuka kwa ndani.)

5. Wote kwa pamoja. Baada ya hapo nimepuliza vanishi, nikaikwangua, nikapuliza, nikaikwangua. Kila safari nikichungulia kwa tochi nakuta kitu kimenasa: unywele, uzi, kichembe kisichojulikana kinachofanana na chakula cha Shemeji. Nimesoma sana juu ya hili, na nimejifunza kwamba sehemu kubwa ya vumbi la ndani ya nyumba hutokana na watu wenyewe, ngozi zao na nguo zao. Sikia basi, Shangazi. Wazazi wangu, dada yangu na mume wake hawaleti vumbi nyumbani. Wao ndio vumbi lenyewe. Nimekaa nao meza moja miaka yote hii bila kujua.

6. "Njoo ule." Nasikia maneno hayo kila ninaposhika brashi. Nikisema nakuja, wananifuata. Nikisema sitaki, wanakuja wote wanne kunitazama kama naumwa.

Kwa sababu hizo naomba ubadilishe hukumu yako kidogo tu, kwa kupindua sehemu mbili zake: kaboni ibaki, watu watoke. Una vyumba, na umekuwa ukilalamika kwamba hawakutembelei. Baba akae kwenye chumba chenye taa nyingi, atakuwa na shughuli. Shemeji apewe ukuta ambao huupendi. Dada awekwe mbali na mtu yeyote mwenye kitu kwenye jiko. Mama nakuachia umpange wewe, mimi siwezi. Jumapili wataruhusiwa kuja kuniona, kupitia dirishani, wakiwa wamevaa kofia za kuogea, na ninaahidi kuwapungia mkono. Sitakuwa na upweke. Nimejichunguza sana kuhusu hilo, kama ninavyojichunguza kwa kila kitu, na nimeona kwamba mtu mwenye kazi ya mikono hahitaji kelele za watu.

Natumaini utalitazama ombi hili kwa jicho la haki, siyo jicho la dada wa Baba.

Wasalimie wote hapo kwako, wakubwa kwa wadogo, pamoja na yule jirani anayekuazima ngazi na kusahau kuichukua. Waambie sina kinyongo na watu, mradi wawe mbali.

Mimi binti mtiifu wa kaka yako,
Msasa (kama mnavyoniita, na nimezoea).

Nyongeza: Shangazi, kabla ya kufunga bahasha niliona si haki kuwashitaki watu bila wao kujua, nikawasomea barua yote mezani. Nilijiandaa kwa ugomvi. Baba akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Imeandikwa vizuri. Tufungeni mizigo." Na wakafunga kweli. Mama aliniuliza tu ni sufuria ipi aniachie. Nikasimama ukumbini nikiwatazama, na kifua changu kikaanza kufanya mambo ambayo sikuyaandika popote hapo juu.

Kisha Shemeji akaingia stoo akatoka na fremu begani, aiweke pamoja na mizigo. Nikapiga kelele kwamba haijakauka. Dada akapitisha kucha juu ya vanishi, akaigonga, akanitazama kama anavyowatazama wale wagonjwa wake wanaokataa kuruhusiwa kwenda nyumbani. "Mdogo wangu, hii imekauka tangu mwezi uliopita. Wewe ndiye unaikwangua kila ikikauka. Tukikuacha nayo peke yako utaipiga msasa mpaka iishe, ubaki umeshika magurudumu." Nikasema kuna unywele kwenye bomba la chini. Mama akainama, akautazama, akasema, "Ni wangu huo. Uache hapohapo, ukianguka uwe na mtu."

Kwa hiyo naomba ulifute ombi langu na usimpokee yeyote kati yao hata akija na mizigo. Tumefunga magurudumu na usukani wa ile ya zamani, Baba akiangaza tochi mahali pasipohitajika. Mbio nitashiriki. Ningesema mengi zaidi, lakini baiskeli iko uani na Mama amekaa juu yake, anasema zamu ya kwanza ni yake kwa kuwa ndiye mkubwa aliyeumia zaidi. Hajawahi kupanda baiskeli maishani mwake. Anapiga kelele nije kumshika kwa nyuma, na kwa jinsi Shemeji anavyohesabu moja, mbili, sidhani kama watanisubiri.