Nyuso Hamsini na Nane Zinazocheka

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku njema! Mwalimu mkuu anastaafu mwisho wa mwezi. Miaka tisa nimekuwa makamu wake katika chekechea hii, nikikitolea macho kile kiti chake cha ofisini cha kuzunguka. Leo mwenye shule kaniita. Kasema wazazi wanalalamika, kila muhula watoto wanakuta mwalimu mpya. Anataka kujua kama walimu wanaridhika na kazi yao. Wakiwa wameridhika, basi mimi msimamizi wao nimefaulu na kiti ni changu. Kama hawajaridhika, atatafuta mtu mwingine. Nikamwambia wameridhika mno. Akasema anataka kuona kwa maandishi, mwisho Ijumaa.

Kuridhika! Watu wanaoshinda wakifuta makamasi na kuimba habari za bata, wana nini cha kutoridhika? Mke wangu akauliza kama mwenyewe nimewahi kuwauliza. Nikamwambia ya ofisini ayaache ofisini.

Nimetunga dodoso. Maswali kumi, na chini ya kila swali sura tatu: inayocheka, iliyonuna, inayolia. Mwalimu anaipaka rangi ile inayomfaa. Maneno matupu yangewashinda.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimewagawia walimu wote sita. Nikaapa ni siri, hakuna kuandika jina. Ila pembeni nilishatoboa kwa pini: tundu moja darasa la kwanza, mawili la pili, hivyo hivyo mpaka sita. Mimi si mtoto.

Mama Gundi akayaona. Huyu anafundisha watoto wa miaka mitatu, na vidole vyake haviishi gundi, ndiyo maana nikampa jina hilo. Kila mtu anampenda. Mimi mtu anayependwa na kila mtu simwamini. Akauliza matundu ni ya nini. Nikasema ni panya. Akasema kumbe panya wetu wanajua kuhesabu. Wenzake wakavunjika mbavu. Wacheke tu!

Jumatano, 8 Oktoba

Nimefungua sanduku la majibu. Lahaula! Vilio vitupu.

Je, unapata muda wa kupumzika? Sita wanalia. Mmoja kaandika kabisa kwamba hata msalani huenda na watoto wawili. Je, msimamizi wako anakusikiliza? Sita wanalia! Mama Gundi hakutosheka na machozi niliyochora mimi, kaongeza yake hadi ukingoni mwa karatasi. Ama kweli, shukrani ya punda ni mateke. Mwaka jana tu niliwapa kila mmoja kalenda.

Nikazichanachana. Kisha nikajifungia katika stoo ya midoli na madodoso sita mapya na boksi la kalamu za rangi. Karatasi tatu nikapaka kwa mkono wa kulia, tatu kwa wa kushoto, ili wawe watu tofauti. Akili hiyo! Sura hamsini na nane zinacheka. Mbili zimenuna kuhusu ubora wa chaki, nisije nikaonekana muongo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Mwenye shule aliita kikao katika darasa la Mama Gundi. Tukakalia vile viti vya watoto, magoti kidevuni. Akasoma matokeo, akanipongeza. Kisha Mama Gundi akaomba kuziona karatasi. Mwenye shule, kwa wema wake usio na maana, akampa.

Akazitandaza mkekani. Sasa, watoto wake hawajui kuandika majina. Kila mchana anakusanya michoro thelathini isiyo na jina, na kila mmoja anajua ni wa nani. Akaziangalia muda wa kumeza mate. Akasema hizi zote ni za mtu mmoja. Anaanzia kidevuni, anazungukia kushoto, akifika kwenye paji la uso anachoka, anaacha peupe. Hata alipohamia mkono wa kushoto, masikini, paji bado ni jeupe. Wenzake wakainama, wakakubali. Mmoja akasema mtoto huyu anakandamiza mno, apewe kalamu nene. Mtoto! Mimi, mwenye cheti cha uongozi!

Mwenye shule akanipa kalamu nyekundu, akaniomba nipake duara moja. Nikasema mkono unauma. Akasubiri. Nikajikaza, nikaanzia makusudi kwenye paji. Nilipomaliza, kidevu kilikuwa cheupe.

Hapo wakafunguka. Saa nzima! Wanataka mtu mzima wa pili darasani, dakika kumi za kunywa chai, na mtu wa kuwasikiliza. Mwenye shule akaandika yote, tena bila kuchora sura hata moja.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mama Gundi ndiye atakayekuwa mwalimu mkuu. Mimi ndiye mtu mzima wa pili, darasa la miaka mitatu. Nimevaa aproni ya bata. Mpaka saa nne asubuhi nilikuwa nimetapikiwa mara moja na kung'atwa mara mbili, mara ya pili na yule yule.

Mama Gundi kawapa wafanyakazi wote karatasi tupu: kila mtu aandike kinachomsumbua kazini. Mtego mtupu! Anataka mwandiko wangu. Nimempa mke wangu aniandikie kwamba niko radhi kabisa.

Jumanne, 21 Oktoba

Mama Gundi kaniita pembeni. Kanisomea polepole karatasi yangu, niliyoipeleka bila kuifungua, kwa sauti ile ya kumsemesha mtoto aliyejikojolea. Mke wangu kaandika: “Mume wangu anarudi nyumbani amekasirika kila siku kwa miaka tisa. Anapenda kusikilizwa lakini hajui kusikiliza. Naomba mumvumilie, na mkipata nafasi mumuulize hali yake, maana mimi akijibu hunijibu kwa ukali.”

Akaniuliza hali yangu. Nikamjibu kwa ukali kwamba ni nzuri.

Kumbe hata nyumbani nina msaliti! Nimeomba karatasi nyingine. Kesho nitampa mlinzi wa getini aniandikie, yeye hana kinyongo na mtu.