Chapa ya Fundi Mkuu

Jumatatu, 4 Machi
Kompyuta ya karakana imezimia tena! Ile inayoendesha cherehani ya kutarizi nembo za sare. Kiini cha mfumo wake, roho yenyewe, nimekichokonoa mwenyewe kwa elimu yangu ya darasa la sita. Binti yangu, mwenye karakana, kasema sare zinatakiwa Ijumaa. Ikizimia tena, kompyuta anamkabidhi shemeji yangu, mimi nikashone vifungo badala yake. Vifungo! Mimi!

Jumanne, 5 Machi
Kumbukumbu ya kompyuta ni nyumba ya kupanga. Kuna mgawaji wa vyumba, programu inayoipa kila kazi chumba chake. Kazi ikiisha, chumba kinaachwa. Wiki iliyopita nilimwekea mgawaji mkaguzi, programu niliyoiandika mwenyewe: chumba kikiachwa, anakipiga chapa. Chapa ikichafuliwa, kuna mwizi, kazi iliyoingia chumba kisicho chake. Akili hiyo! Shemeji kauliza kama si wiki hiyo hiyo kompyuta ilipoanza kuzimia. Nikamwambia wivu utamkondesha, na hana pa kukonda zaidi.

Jumatano, 6 Machi
Nimeongeza mkaguzi wa pili. Sasa inazimia kabla sindano haijagusa kitambaa. Nikamweleza binti kuwa ni dalili njema, mwizi keshababaika. Kanitazama kwa jicho la marehemu mama yake.

Alhamisi, 7 Machi
Aibu ndogo. Binti kawaondoa wakaguzi wangu, cherehani ikatarizi asubuhi nzima bila kukohoa. Kisha kaniita. Chapa yangu inasema: "Fundi Mkuu wa Mafundi Wote". Vyumba vingine ni vidogo, haienei. Maneno yanavuka ukuta na kumfuta mpangaji wa jirani, ndipo kompyuta inazimia. Kasema, baba, mwizi ni askari wako mwenyewe. Shemeji kacheka mpaka akaegemea meza. Meza yangu! Binti kanihurumia: nirudishe mkaguzi mmoja, chapa iwe alama moja tu, la sivyo vifungo.

Ijumaa, 8 Machi
Nimetii. Sare zimeondoka salama, wateja wameshukuru, shemeji karudi kwenye vifungo vyake akinuna. Ni fundi gani mwingine hapa aliyewahi kumnasa mwizi wa aina hii? Tena niliyemtengeneza mwenyewe! Kwa ushindi huu, alama moja ni dharau. Jioni, binti alipotoka, nimerudisha cheo changu chote, nikaongeza "na Mnasa Wezi". Kwenye vyumba vikubwa tu, lakini. Ukubwa nimeukadiria kwa macho.
Mbona skrini imeganda? Huyu shemeji kagusa nini tena?