Véranda Juu ya Maji

Jumatatu, 11 Novemba 1991

Nimehama. Nyumba ya kampuni amepewa mwingine, kwa sababu hata kazi ya kampuni sina tena. Sasa nakaa kwenye mashua ya patron, bosi wangu Mbelgiji, hapa kwenye ziwa la mjini. Patron alikimbia mwezi uliopita, wanajeshi walipopora maduka. Aliniachia funguo, akasema niichunge. Naichunga kwa kulala ndani yake. Nani angeichunga vizuri zaidi?

Tanga limetoboka. Vyumba viwili, kila kimoja na kitanda chake. Dari inanigonga kichwa kila nikipata wazo. Lakini faida! Mwenye nyumba hayupo. Wanajeshi hawajui kuogelea. Na patron alisahau humu phonie, redio yake ya kuongea na shamba, pamoja na betri ya gari. Simu za mji mzima zimekufa, anayemtaka ndugu wa mbali anatafuta phonie. Nimepandisha waya mpaka juu ya mlingoti. Mita tisa! Rigobert wa mtaa wa Bel-Air, anayejiona mfalme wa phonie, waya wake umefungwa kwenye mti wa avoka.

Jumanne, 12 Novemba

Saa moja asubuhi nimempata Céline, mke wangu. Yuko Lukafu kwa baba yake tangu barua ya kampuni ifike, anatumia phonie ya misheni. Alishaniambia: nikiwa sina nyumba mpaka Jumamosi hii, atapanda mahindi hukohuko na mjini harudi. Mvua imeanza. Jembe analo. Namjua.

Nikamwambia nyumba ipo. Akauliza vyumba vingapi. Nikasema viwili, na véranda. Maji je? Nikasema maji ni mengi kabisa. Majirani? Watulivu, ila jioni wanaimba. Véranda ni sitaha, majirani ni vyura, lakini hakuuliza. Sikusema uongo hata mmoja!

Akacheka kwa furaha. Miezi miwili sijasikia kicheko kile. Atakuja Jumamosi na lori la mahindi, yeye, mama mkwe na kuku kumi.

Ndipo Rigobert akaingia kati. Kwenye phonie kila mtu anamsikia kila mtu, lakini mwenye adabu hunyamaza. Yeye akauliza nyumba hiyo iko avenue gani. Nikazima, ili kuokoa betri.

Jumatano, 13 Novemba

Chef de quartier, mkubwa wa mtaa, amesimama ukingoni na daftari, anataka kuniandikisha. Nikamweleza kwamba nyumba inayoelea haina quartier. Akasema kamba imefungwa kwenye mti wake. Vizuri! Nikafungua kamba, nikapiga kasia mpaka ng'ambo. Ng'ambo kulikuwa na chef mwingine, naye na daftari lake! Ni mashemeji, wamepeana ishara kwa mikono.

Nimeshinda katikati ya ziwa bila bukari, yaani ugali, mpaka wao walipokwenda kula yao. Nani aliwaambia niko hapa? Simtaji, lakini ana mti wa avoka.

Alhamisi, 14 Novemba

Mama mkwe hawezi kufika akute nyumba haina unga. Kwa hiyo nimefungua phonie kwa watu wote, malipo ni bakuli la unga. Mteja wa kwanza: Mama Julienne, muuza samaki, anamtaka mwanawe wa Kalemie.

Nilimtarajia Mama Julienne tu. Walikuja kumi na watatu. Nilisahau jambo ambalo hapa kwetu hata mtoto analijua: hakuna anayekwenda phonie peke yake. Babu lazima asalimie, shangazi lazima agombeze, mtoto mchanga lazima alie ili baba amsikie. Rigobert anawapokea uani. Mimi niliwapokea kwenye mashua iliyoundwa kwa Wabelgiji wawili.

Walikaa vizuri muda wote ambao Kalemie haikuitika. Ilipoitika, wote kumi na watatu wakaegemea upande wa phonie. Wote! Mashua nayo ikaegemea. Nikapiga kelele kwamba waende upande wa pili. Wakaenda wote upande wa pili. Maji yakaingia dirishani bila haraka yoyote. Mimi nilikuwa nimeshika maikrofoni, kidole kwenye kitufe. Neno langu la mwisho hewani, nadhani, lilikuwa "tunazama".

Hakuna aliyekufa, tulikuwa karibu na ukingo, maji yalifika kifuani tu. Babu alitembea mpaka ukingoni na kofia yake kichwani. Phonie imekufa. Mama Julienne amechukua tena unga wake, umelowa, na ananilaumu mimi.

Ijumaa, 15 Novemba

Mimi ni marehemu. Rigobert amekuja ziwani kutafuta maiti yangu, akanikuta naanika suruali. Kumbe jana mkoa mzima ulisikia. Lukafu matanga yameanza.

Ilibidi niende kwake Bel-Air. Aliniketisha nyuma ya familia mbili zilizonitangulia, akanipa kiti na pole za msiba wangu. Adabu ya kuudhi! Mwishowe nikashika maikrofoni, nikasema niko hai. Mtu wa Likasi akasema amina. Kisha Céline:

"Symphorien, nyumba yenye iko na véranda, inazama namuna gani? À toi."

À toi, yaani zamu yangu. Hakuna aliyeingilia, hata Rigobert, aliyekuwa anatazama mti wake. Wote walingoja jibu.

Nikasema yote. Mashua, dari, vyura. Nikasema nyumba sina. Nikasema nayaogopa yale mahindi, kwamba yakiota sitamwona tena. Nikaachia kitufe.

"Juu yako nimelia usiku muzima. Baba alishachinja mbuzi. Kuja basi, nyama isiharibike. Huku nyumba iko, na iko ku udongo. À toi."

Nililia. Rigobert alinipa kitambaa. Chake! Nimekitumia, lakini sikumshukuru kwa sauti.

Jumapili, 17 Novemba, Lukafu

Nilifika jana kwa lori. Nimekula mbuzi wa matanga yangu mwenyewe, alikuwa mtamu. Mama mkwe haongei nami bado. Céline amenipa jembe na masharti matatu: hakuna mashua, hakuna phonie, hakuna véranda. Nimekubali yote kwa moyo mmoja. Nampenda sana mwanamke huyu na sitamsumbua tena maishani.

Baada ya misa nimeshuka mtoni kunawa miguu. Kuna bac kubwa ya chuma, ile ya kuvusha magari. Injini imekufa, imefungwa pale tu. Sikuitafuta! Nimeipima kwa hatua: kumi na nane kwa sita. Bapa kabisa. Kitu bapa hakipinduki. Maana yake kosa halikuwa langu hata kidogo, lilikuwa la umbo la mashua. Hapa familia nne zingeegemea popote zinapotaka. Na katekista anasema misheni ina phonie ya zamani ghalani, inahitaji waya tu.

Bac si mashua. Phonie ya misheni si yangu. Véranda tutaiita jina lingine.

Jembe nimeliacha juu ya bac, mtu asije akadhani haina mwenyewe.