Kisanduku cha Sola na Samaki wa Amulen

Jumatatu, 10 Novemba
Transfoma ya mtaa imeungua. Busia upande wetu giza. Wengine wanalalamika, mimi natabasamu. Nimenunua kisanduku cha sola mjini Tororo, kidogo kama begi la shule, na kinawasha hata friza! Friza ya mke wangu Amulen imejaa samaki wa harusi ya mdogo wake Caro, Jumamosi. Nimemwahidi hakuna hata mmoja atakayeharibika. Jirani Cornelius ana jenereta. Kelele tupu.

Jumanne, 11 Novemba
Paneli nimeiweka ndani, juu ya kabati. Nikiitoa nje, mtaa mzima utaniletea simu nichaji. Mwanga wa dirishani nao ni mwanga.

Jumatano, 12 Novemba
Kisanduku kimezima. Amulen kauliza mbona friza imenyamaza. Nikamwambia vyombo vya kisasa havipigi kelele. Akaguna tu. Lakini nina mpango: kesho jumuiya yetu ya kanisa inasali kwa Cornelius.

Alhamisi, 13 Novemba
Nilienda na kisanduku ndani ya begi. Amulen alibaki akipika. Nikakaa nyuma ya kochi, penye soketi, nikachomeka kabla ya ishara ya msalaba. Shida, rozari ilikwenda mbio. Nikajitolea kuongoza nia za maombi. Nikawaombea madereva waliokwama mpakani Malaba, mawakala wao, wakulima wa Mukuju, mihogo yao. Jirani yetu Felistus akasinzia. Cornelius akainuka, eti jenereta inalia vibaya. Nikamrudisha magotini kwa ajili ya wajane. Tulipofika kwa roho za toharani, jenereta ikakohoa, ikatoa moshi, ikafa. Imeelemewa. Nikasema amina.

Nyumbani nikachomeka friza. Ikanguruma vizuri! Nikafungua. Tupu.

"Samaki wamo kwenye friza ya Cornelius," Amulen akasema. "Niliwapeleka jana. Hiyo sola yako sikuiamini."

Ningeweza kuwafuata. Lakini Cornelius angeuliza kisanduku kimechajiwa wapi. Sikumwambia Amulen kwamba jenereta imekufa. Nikalala.

Jumamosi, 15 Novemba
Wageni wa Caro wamekula maharagwe. Samaki wameoza, tumewazika nyuma ya choo. Amulen alipakua huku akilia kimya kimya. Iliniuma sana. Jioni kaenda kwa mama yake, kijijini Merikit. Hakuaga.

Jumapili, 16 Novemba
Baada ya misa, jumuiya imenichagua kiongozi wa maombi. Cornelius mwenyewe ndiye aliyenipendekeza. Kasema hajawahi kuona mtu anayesali kwa moyo namna ile.

Stima bado. Alhamisi tunasali kwa Benedeta, ana jenereta kubwa kuliko ile. Nimeshaongeza nia: wafugaji, mabaharia, na ndoa zenye misukosuko. Amulen akirudi, atakuta friza inanguruma.