Daktari wa Ukubwa wa Sabuni

Jumatatu, 9 Machi 2015

Leo nimedharauliwa. Yudita, nesi wa kliniki yetu hapa Misiera, amesema daktari wa Mbarara aliyenishona mshipa wa kidole ataniona Jumatano kwa simu. Kwa simu! Jirani yangu Constantin, muuza nyama, alipasuliwa mkono wiki ile ile niliyoshonwa mimi. Yeye Ijumaa anaitwa Mbarara mwenyewe, gari la kliniki, kiti cha mbele. Mkono wangu una kasoro gani?

Mimi ni fundi wa kushona. Kwaya inangoja kanzu ishirini za Pasaka, na bila ruhusa ya daktari siwezi kugusa mashine. Nimemwambia Yudita kwamba muganga asiyekushika hajakutibu. Amesema nioge tu, nije.

Jumatano, 11 Machi

Mtu haonwi na daktari akiwa na shati la kila siku. Nimevaa kostimu ya harusi na tai. Mke wangu Bénédicte amenifunga viatu huku akicheka.

Pale kliniki daktari akatokea kwenye simu ya Yudita. Nikakaa kama tunavyokaa kwa mpiga picha: kidevu juu, macho mbele, bila kupepesa. Akauliza habari. Kimya. Ukisogea picha inaharibika, hata mtoto anajua. Akauliza tena, kisha akamwambia Yudita kwamba mtandao umekwama. Yudita akanifinya. Nikaruka. Daktari akasema haya, mtandao umerudi.

Yudita akanifungua bandeji na kibao kinachonyoosha vidole, daktari akataka nivikunje. Hapo nikatumia akili. Vinakunjika vizuri, lakini nikavikaza, nikaugua kidogo. Sasa lazima aniite, anishike!

Akatikisa kichwa. Kibao na bandeji vibaki wiki tatu zaidi. Nisishone. Tutaonana tena kwa simu.

Ijumaa, 13 Machi

Kwaya imechukua vitambaa. Wamempelekea fundi mwenzangu Nyirabahire, ambaye mikono ya kanzu zake haijawahi kulingana. Nilikuwa nimeshakata kola zote. Nimeumia moyo, siwezi kuficha. Nimevua kibao, nimemkunjia Bénédicte vidole mara kumi, ngumi safi. Amesema ngumi hiyo ningemwonyesha daktari. Amesema weye Elisée, fasi ya akili ulivaa tai.

Jumamosi, 14 Machi

Constantin amerudi. Tumeenda kumpa pole, tukasalimiana kwa viwiko maana wote tumefungwa. Anasema alikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa kumi. Kumbe daktari alikuwa Kampala. Wakamwingiza chumbani, wakawasha televisheni, daktari akatokea humo, akamwambia akunje vidole. Hakuna aliyemshika. Bénédicte alicheka mpaka akakaa chini. Ameniuliza kama sasa nimeelewa.

Nimeelewa sana. Televisheni hiyo, anasema Constantin, ilikuwa kubwa kama mlango. Yeye alipewa daktari mzima, kichwa mpaka mkanda. Mimi nilipewa daktari wa ukubwa wa kipande cha sabuni.

Kesho, nikitoka kanisani, naanza kuumwa bega. Bega halienei kwenye simu.